Sura ya Nne: Mganga, Uwanga na Nyota Mbele ya Neno

Mkoa wa Rukwa una Mganga Mkuu wa Mkoa, kama ilivyo mikoa yote ya Tanzania Bara. Huyu ni daktari aliyesomea chuo kikuu, na ofisi yake iko Sumbawanga, makao makuu ya mkoa tangu ulipoanzishwa mwaka 1974. Kitaifa yuko Mganga Mkuu wa Serikali, na vijijini huko, kuanzia Laela hadi Namanyere, zahanati zina Waganga Wafawidhi. Mtaani nako yupo mwenye mizizi na magome ya miti, naye huitwa mganga, tena Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua. Kisha uko mji wenyewe. Wenyeji hueleza jina lake kwa maneno mawili ya Kifipa: sumba, yaani tupa, na uwanga, ambalo wengi hulitafsiri upesi kuwa ni uchawi. Tupa uchawi.

Wachache hutambua kuwa nusu ya pili ya jina la mji na neno la kwanza la cheo cha daktari ni neno lilelile. Yamepishana kwa sauti moja iliyopotea njiani na kiambishi kimoja kilichobadilishwa. Ukirudi nyuma miaka elfu nne au tano, utayakuta pamoja katika jina moja ambalo wanaisimu huliandika hivi: *-gàngà.

Nalichukua neno hili kwa makusudi. Nchini kwetu Sumbawanga imetwishwa sifa isiyoistahili. Mtu akitoka huko na kuhamia Dar es Salaam au Mwanza, hukutana na mizaha ya radi za kutumwa na ungo unaoruka usiku, na walimu na wauguzi waliopangiwa kazi Ufipa huagwa kana kwamba wanakwenda vitani. Mizaha hiyo imejengwa juu ya jina la mji. Basi jina hilo lichunguzwe kama wanavyochunguza watu wa fani, tuone linabeba nini.

Nyota ile mbele ya neno ina maana yake. Inamwambia msomaji kuwa umbo hili halikuandikwa na yeyote wala halikusikiwa na yeyote aliye hai, bali limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa na lugha moja ya kale. Lugha hiyo wanaisimu wetu huiita Mame-Bantu, na wengi wa wataalamu huiweka katika nyanda za mpakani mwa Nigeria na Kamerun za leo. Wilhelm Bleek ndiye aliyezipa lugha zetu jina la Bantu katika karne ya 19. Carl Meinhof alitoa mwaka 1899 kitabu chake cha sauti za lugha hizi, na humo akaonyesha kuwa tofauti baina yake hufuata kanuni. Mwaka 1967 Achille Meeussen alichapisha huko Tervuren, Ubelgiji, muundo wa sarufi ya Mame-Bantu, na kati ya mwaka huo na 1971 Malcolm Guthrie akatoa juzuu zake nne za ulinganishi. Guthrie ndiye aliyezigawa lugha za Kibantu katika kanda zenye herufi, na Kifipa kiko humo kama M.13, ukanda mmoja na Kibemba cha Zambia, M.42.

Kazi hii haifanyiki kwetu tu. Wanaoshughulikia lugha za Waslavi, yaani Kirusi, Kipolandi, Kiserbia na nyingine, nao huandika nyota zao. Ila wao wana bahati moja: katika karne ya 9 Cyril na Methodius walianza kutafsiri vitabu vya kanisa kwa lugha ya Kislavi, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijaachana sana na mame yake. Mtaalamu wa Kislavi akiunda jina upya, anaweza kulipima kwa maandishi yaliyo karibu na chimbuko. Sisi hatuna kipimo hicho. Katekisimu ya Kikongo na Kireno iliyochapwa Lisbon mwaka 1624 ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kibantu tuliyo nayo, na hata hiyo imechelewa kwa maelfu ya miaka. Maktaba yetu ni vinywa vya watu, na ndiyo maana lugha kama Kifipa ina uzito mkubwa kuliko idadi ya wasemaji wake inavyodokeza. Kila lugha ya Kibantu ni shahidi, na shahidi mmoja akinyamaza, kesi nzima hudhoofika.

Tuwasikilize mashahidi. Mswahili husema mganga. Mnyarwanda na Mrundi husema umuganga, na kwao huyo ni daktari wa hospitali. Mkongo husema nganga. Mchewa husema sing'anga na Mbemba shing'anga. Mshona wa Zimbabwe husema n'anga. Mtswana na Msotho husema ngaka, na kwao pia daktari wa hospitali huitwa hivyohivyo. Ukiyasoma haraka utadhani haya ya mwisho hayahusiani na ya kwanza. Mganga na ngaka vinakutana wapi?

Vinakutana katika kanuni aliyoieleza Meinhof, ambayo hadi leo hubeba jina lake. Katika lugha nyingi za Kibantu, jina likianza na kiambishi cha puani n- kikifuatiwa na g, na silabi inayofuata ikawa nayo ina muungano wa puani kama -ng-, ile g ya kwanza humezwa na kubaki sauti ya puani peke yake, ile tunayoiandika ng'. Hivyo n-ganga huwa ng'anga. Hapo umempata Mbemba, Mchewa na Mshona kwa pigo moja. Kitswana kikaongeza hatua yake: muungano -ng- katikati ya neno hugeuka k. Basi ng'anga ikawa ngaka, ambayo hutamkwa kwa ng' mwanzoni. Hakuna kilichotokea kwa bahati. Mtu akikuambia maneno mawili ni ndugu kwa sababu yanafanana, mwombe akuonyeshe kanuni. Na akikuambia si ndugu kwa sababu hayafanani, mwombe vilevile.

Sasa sarufi, maana jina la Kibantu halisimami bila kiambishi chake. Waslavi wa kale waliliwekea jina mkia: mwisho wa neno ulibadilika kulingana na uhusika, umoja au wingi, na jinsia tatu. Kwetu kazi hufanyika mwanzoni. Shina *-gàngà, lenye toni ya chini katika silabi zote mbili, liliingia katika ngeli mbalimbali, na kila ngeli ililipa maana yake. Katika ngeli ya 1 lilikuwa *mʊ̀-gàngà, mtu mmoja, na katika ngeli ya 2 *bà-gàngà, watu. Katika ngeli ya 14 lilikuwa *bʊ̀-gàngà, na hapo si mtu tena bali ni kile anachokishika mtu huyo: dawa, ujuzi, nguvu. Herufi ile ngeni, ʊ, ni irabu iliyokuwa kati ya u na o. Mame-Bantu ilikuwa na irabu saba, na Kiswahili kimebaki na tano. Kiswahili kikalegeza *mʊ̀- hadi m-, *bà- ikawa wa-, na *bʊ̀- ikapoteza konsonanti yake na kubaki u-. Toni nazo tukaziacha, tukabaki na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo ndivyo tulivyopata mganga, waganga, uganga.

Kibemba kilishika njia nyingine. Chenyewe kilihifadhi irabu ya mbele ya kiambishi, ile tuliyoiacha sisi, lakini kikaiangusha g mwanzoni mwa mashina. Mswahili ana mgeni, Mbemba ana umweni. Kwa kanuni hiyohiyo *bʊ̀-gàngà ikawa ubwanga: g imeanguka, irabu mbili zimegusana, na u imegeuka w. Kiluba cha Kongo kina bwanga. Uwanga wa Ufipa umesimama katika safu hii. Tofauti yake na ubwanga ni b tu, ambayo katika pande hizi hulegea na kuwa w, kama ilivyolegea katika waganga wetu. Na jina la mji linatamkwa Sumbawanga kwa sababu irabu ya mwisho ya sumba imegongana na irabu ya kwanza ya uwanga, na katika mgongano wa namna hiyo irabu moja huishia.

Yapo maneno yanayotega. Wanga wa muhogo hauhusiki hata kidogo. Kitenzi chetu kuwanga, kufanya uchawi usiku, kinavutia zaidi, nacho kina mwanga na wanga wake. Mimi sikiunganishi na uwanga. Kiswahili kimetunza g katika mganga, uganga na kuganga, kwa hiyo atakayetaka kuwanga kuwe tawi la mti huohuo lazima aonyeshe kiliazimwa kutoka lugha ipi iliyoangusha g, na lini. Mfanano wa sauti na maana pekee hautoshi.

Shina lenyewe lilitoka wapi? Hapa Kiswahili ndicho shahidi mzuri. Sisi bado tuna kitenzi kuganga. Tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini kamusi za zamani za Kiswahili zina maana nyingine kando ya kutibu: kuganga ni kufunga pamoja, kushikiza kilichovunjika, kuunga. Liko pia jina gango, kifaa cha kushikizia vipande viwili visiachane, au kipande kinachofungiwa mahali palipovunjika. Wako wanahistoria wa lugha wanaouona mzizi wa neno hili katika kufunga na kuunga. Nami naona ushahidi wa Kiswahili unalingana nao vizuri. Mganga wa kwanza, kwa tafsiri hii, ni mfungaji: anayefunga mfupa, anayefunga jeraha, anayefunga dawa katika kifundo.

Sarufi ina jambo jingine la kutuambia, nalo ndilo lililonifanya niandike sura hii. Katika Kibantu jina la mtenda huundwa mara nyingi kwa kuweka -i mwishoni mwa mzizi wa kitenzi, na irabu hiyo huibadilisha konsonanti inayoitangulia. Linda hutoa mlinzi. Penda hutoa mpenzi. Na loga hutoa mlozi, g ikiwa imegeuka z. Kinyarwanda kina umurozi, Kibemba kina umuloshi, vyote kutoka kitenzi kilekile cha kuloga na kwa kiishio kilekile. Watu walio mbali hivyo hawakuambukizana neno hili. Mchawi alikuwa na jina lake katika Mame-Bantu, na jina hilo lilikuwa jingine kabisa. Mganga hana -i, na g yake ya mwisho haikuguswa. Ni shina lililoumbwa kwa njia yake. Wazee wa wazee wetu, kabla hawajafika kwenye Maziwa Makuu ya Afrika Mashariki, walikuwa na maneno mawili kwa watu wawili: mmoja wa kufunga na kuponya, mwingine wa kuloga. Hawakuwachanganya.

Kuchanganya kulikuja baadaye, na kulipitia ngeli ya 14. Dawa ni kitu kisichochagua upande. Iliyofungwa kwenye pembe inaweza kumlinda mtoto, na jirani aliyeiona akahofu kuwa imefungwa kwa ajili yake. Katika Kiluba bwanga ni dawa, na wingi wake ni manga, kwa kuwa huko ni kitu cha kushikwa na kuhesabiwa. Katika Kibemba ubwanga ni dawa zenye nguvu, za kufaa na za kudhuru. Ukifika kwa Wachokwe na kwa wasemaji wa Kimbundu wa Angola, wanga umekwisha kuegemea uchawi. Neno hili lilivuka hata bahari ya Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani: Haiti leo wanga ni hirizi yenye nguvu, na Kuba nganga ni chungu kitakatifu cha dini ya Palo. Mtu, ngeli ya 1, aliendelea kuheshimiwa karibu kila mahali. Kitu alichokishika ndicho kilichotiliwa shaka.

Waslavi wana kisa kinachofanana na hiki mno. Neno linaloundwa upya kama *vorčь limezaa vrač katika Kirusi, ambalo ni daktari wa hospitali, na vrač katika Kiserbia, ambalo ni mchawi au mpiga ramli. Umbo la Kirusi linajifichua lenyewe: kwa kanuni za Kirusi halisi lilipaswa kuwa na sauti -oro-, kama gorod, mji, ambalo katika lugha za kusini ni grad. Kwa kuwa halina, tunajua kuwa Warusi walilipokea kupitia lugha ya kanisa, na heshima yake ikatoka huko. Kwetu mganga alipandishwa cheo kwa njia inayokaribiana na hiyo. Serikali ilipohitaji jina la daktari mkuu, ililichukua neno ambalo watu walikuwa nalo, ikalipa ofisi.

Turudi Ufipa, kwenye nyanda za juu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mwaka 1934 vijana walioitwa bamuchapi waliingia katika nchi ya Wabemba, jirani na Ufipa, wakitoka upande wa Nyasaland. Jina lao lilitokana na kuchapa, kufua na kusafisha. Waliwataka wanavijiji walete ubwanga wao wote na kuutupa, kisha wakawanywesha dawa ya kuwatakasa. Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza, alikuwa katika nchi hiyo, akazitazama pembe zilizotupwa na kuwauliza watu kila moja ilikuwa ya nini. Makala yake ya mwaka 1935 inaeleza jibu: sehemu kubwa sana zilikuwa za dawa za kawaida, na chache mno ndizo watu walizozitaja kuwa mbaya kweli. Watu walikuwa wametupa kabati zao za dawa.

Ufipa nako mawimbi hayo yalifika. Roy Willis, aliyeishi na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika juu yao kwa miaka mingi, alishuhudia moja lililoitwa Kamchape, akachapisha maelezo yake mwaka 1968. Vijana walizunguka kijiji hadi kijiji, wakifukua dawa zilizofichwa, wakichanja watu na kuwapa dawa, wakionya kuwa atakayerudia atakufa. Amri yao ilikuwa ileile iliyomo katika jina la mji: tupeni.

Kwa hiyo naisoma Sumbawanga hivi. Kinachotupwa ni uwanga, na uwanga kwa asili yake ni kitu kilichofungwa: pembe, kifundo, hirizi, dawa yenye nguvu ambayo mwenyeji hawezi kujua imefungwa kwa nia gani. Anayeingia katika mji huu anaambiwa aweke chini alichokibeba. "Tupa uchawi" ni tafsiri fupi, nayo imelipunja neno, kwa sababu imemtoa mganga ndani yake na kumwacha mlozi, ambaye hakuwamo. Hata kwa tafsiri hiyo fupi, jina linakataza uchawi; halitangazi. Mji ulioweka katazo mlangoni haustahili kuitwa makao ya kile ulichokikataza.

Wafipa wenyewe walikuwa na matumizi ya dawa ambayo hayakuhusu ugonjwa wala ugomvi. Ufipa ulisifika kwa chuma. Tanuru zake ndefu za udongo, malungu, zilizidi kimo cha mtu, nazo ziliyeyusha mawe ya chuma kwa upepo ulioingia wenyewe kupitia matundu ya chini, bila mifuo. Bonge la chuma lililopatikana, yaani bloomu, lilisafishwa tena katika tanuru ndogo. Wachunguzi walioifuatilia kazi hiyo, kama Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Randi Barndon wa Norwe, wanaeleza pia dawa zilizotiwa katika tanuru kabla ya moto kuwashwa. Tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi ambaye angezaa chuma. Fundi mkuu wa uyeyushaji alipaswa kujua miti na mizizi pamoja na udongo na makaa. Kwake dawa ilifunga kazi isiharibike, na huo ndio uganga katika maana yake kongwe.

Malungu mengine bado yamesimama mashambani Ufipa, yakiwa yamebomoka nusu, na mtu anaweza kwenda kuyaona. Maneno ya mafundi hayawezi kwenda kuonwa. Jina la kila mti uliotiwa tanuruni, jina la kila sehemu ya tanuru, vitenzi vya kufunga, kuchanja na kutupa, namna bibi wa Kaengesa anavyotofautisha uwanga na ulozi kwa toni na kwa mfano: hayo yamo vinywani mwa wazee, na wajukuu wao wengi sasa husema Kiswahili nyumbani. Kama wewe ni mwalimu, mwanafunzi, mtawa au muuguzi uliyeko Rukwa na una simu inayorekodi, keti na mzee mmoja anayekijua Kifipa vizuri, umwombe ruhusa, umrekodi akieleza maneno haya kwa Kifipa chake mwenyewe, na uiandike tarehe, kijiji na jina la mti.